Kukaa bila Kuumia: Namna ya Kulinda Sehemu za Mifupa za Mtu Anayetumia Kiti cha Magurudumu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mapatano, mashamba, na namna ya kuishi pamoja bila chuki. Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo: ngozi ya mtu anayekaa kutwa nzima. Kwa mtu aliyepooza miguu, kidonda kidogo cha makalio kinaweza kumlaza miezi mingi, kumtoa mtoto wake shuleni ili amhudumie, na hata kumwua. Kidonda hicho kwa sehemu kubwa kinaweza kuzuiwa. Hakihitaji dawa ya bei kali. Kinahitaji maarifa, macho, na mikono ya watu wa karibu.

Malengo ya somo

Mwishoni mwa somo hili, kila mmoja wetu aweze:

1. Kutaja sehemu za mwili ambapo mfupa unakandamiza ngozi.
2. Kutambua mapema dalili za hatari, hasa kwenye ngozi nyeusi.
3. Kupima kama kiti na mto wa kukalia vinamfaa mtu.
4. Kusaidia kuondoa uzito kwenye mifupa, mchana na usiku.
5. Kueleza wajibu wa viongozi katika kugawa na kutunza viti.

Tuchukue mfano

Baba mmoja alipigwa risasi mgongoni, miguu yake ikafa ganzi. Amefika kambini amebebwa juu ya chukudu. Siku moja viti vya magurudumu vinaletwa, vyote vya ukubwa mmoja. Anapewa kimoja, watu wanapiga makofi, picha zinachukuliwa. Kiti ni kipana kuliko yeye, hakina mto, na vikanyagio viko juu mno. Anafurahi, anakaa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hasikii maumivu, kwa hiyo anadhani yote ni sawa. Baada ya majuma machache mke wake anaona doa la majimaji kwenye suruali. Wanapoangalia, kidonda kimekwisha kuingia ndani. Binti yao mkubwa anaacha masomo ili amgeuze na kumsafisha. Majirani wa hema la pili wanaanza kulalamika juu ya harufu. Yule baba, ambaye zamani alisuluhisha ugomvi wa watu, haonekani tena mkutanoni.

Huu ni mfano tu, lakini wengi wenu mnaweza kuweka jina la mtu mnayemjua mahali pake. Tujiulize: kosa lilikuwa wapi? Si kosa la yule baba. Alipewa kiti, lakini hakupewa mto wala mafunzo.

Kwa nini mfupa unaharibu ngozi?

Fanyeni jaribio hili pamoja. Kila mtu abonyeze ukucha wa kidole gumba kwa kidole kingine. Ukucha unakuwa mweupe, kwa sababu damu imefukuzwa. Achia: damu inarudi. Ndivyo inavyotokea chini ya mfupa tunapoketi. Nyama iliyo kati ya mfupa na ubao inabanwa, damu haipiti, na nyama inakosa chakula na hewa.

Mtu asiye na ulemavu anaposikia maumivu anajigeuza, mara nyingi bila hata kujua. Angalieni watu kanisani, msikitini au mkutanoni: hakuna anayetulia kwa muda mrefu. Lakini mtu ambaye uti wa mgongo wake umeumia hasikii, na hata akisikia pengine hawezi kujigeuza. Nyama inaweza kuanza kufa katika muda wa saa chache tu.

Mbali na mgandamizo, kuna maadui wengine wanne:

- Kuteleza. Mtu anapoteleza mbele kwenye kiti, ngozi inabaki imeshikwa na nguo, lakini mfupa unasogea. Mishipa midogo ya damu inavutwa na kukatika ndani.
- Kukwaruzwa. Hii hutokea mtu anapoburutwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti badala ya kuinuliwa.
- Unyevu. Mkojo, choo na jasho hulainisha ngozi, nayo inachanika upesi.
- Njaa na upungufu wa damu. Mtu aliyekonda hana nyama ya kufunika mifupa yake, na kidonda chake hakiponi haraka.

Tofauti moja ni muhimu. Mtu aliyepooza kwa ugonjwa wa polio huwa bado anasikia maumivu kwenye ngozi yake. Hatari kwake ipo, lakini mwili wake unamwonya. Aliyepigwa risasi kwenye uti wa mgongo, aliyeanguka kutoka juu ya mti au ya lori, au mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, mara nyingi haonywi na mwili wake. Hao ndio wa kuangaliwa kwanza.

Sehemu za mifupa za kuchunguza

Tuanze na mtu anayeketi. Sehemu ya kwanza ni mifupa miwili ya kukalia. Kila mtu akalie viganja vyake mwenyewe, ataisikia: ni kama vifundo viwili vigumu chini ya makalio. Sehemu kubwa ya uzito wa mtu aliyeketi inaangukia hapo. Ya pili ni kifandugu, yaani ncha ya chini ya uti wa mgongo, ambayo huumia mtu anapokaa amejilaza nyuma. Kisha kuna nyonga kwa upande, ambazo hubanwa kiti kikiwa chembamba, mifupa ya mgongo na ya mabega inayogusa egemeo, viwiko, vifundo vya miguu, na visigino juu ya vikanyagio.

Kwa mtu anayelala, tuongeze kisogo, pande za magoti, na sehemu pana ya mfupa iliyo juu ya makalio.

Uchunguzi ufanyike mara mbili kila siku, asubuhi kabla ya kuketi na jioni baada ya kutoka kwenye kiti. Mwenyewe anaweza kutumia kioo kidogo. Akihitaji msaada, amchague yeye mwenyewe mtu anayemwamini. Mwanamke achunguzwe na mwanamke mwenzake au mume wake. Heshima ya mwili haipotei kwa sababu mtu ana ulemavu au kwa sababu hema ni dogo.

Dalili kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vinasema: tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Kwa hiyo tutumie macho pamoja na mkono:

- Je, mahali hapo pamekuwa peusi zaidi, au rangi ya zambarau, kuliko ngozi ya kando?
- Je, pana joto kuliko kando, au baadaye baridi?
- Je, pamekuwa pagumu, pamevimba, au laini kama tunda lililoiva mno?
- Kwa anayesikia: je, panauma au panawasha?

Ukiona alama, mtoe mtu kwenye kiti, ondoa uzito wote mahali hapo, kisha angalia tena baada ya nusu saa. Alama ikipotea, ilikuwa onyo. Tafuteni sababu yake. Isipopotea, kidonda kimeanza hata kama ngozi haijapasuka. Asikalie mahali hapo mpaka ngozi irudi kuwa kama kawaida. Wala msipakande: nyama iliyo chini imekwisha kuumia, na kukanda kunaiumiza zaidi.

Mtu akipuuza hatua hiyo, linafuata lengelenge au mchubuko. Baadaye shimo linafika kwenye mafuta, na mwishowe kwenye nyama na mfupa. Tukumbuke kwamba mara nyingi uharibifu huanza ndani karibu na mfupa. Tundu dogo juu linaweza kuficha shimo kubwa chini. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Je, kiti kinamfaa mtu?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, na mwaka 2023 likatoa mwongozo mwingine. Wazo kubwa ni hili: kumpa mtu kiti si kama kumpa sabuni. Anapaswa kupimwa, kiti kirekebishwe kulingana naye, afundishwe kukitumia, na kufuatiliwa baadaye. Fundi hodari akikosekana, familia na komite ya kambi wanaweza kuangalia mambo haya matano:

1. Upana. Pande zote mbili za nyonga ziwe karibu na pande za kiti bila kubanwa. Kiti kikiwa kipana, mtu anaegemea upande mmoja, na mfupa mmoja wa kukalia unabeba mzigo wa miwili.

2. Kina cha kikalio. Akiketi makalio yakiwa yamefika nyuma kabisa, ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kikalio kikiwa kirefu mno, atateleza mbele na kukalia kifandugu.

3. Vikanyagio. Hapa makosa ni mengi. Vikanyagio vikiwa juu mno, magoti yanapanda, mapaja hayagusi mto, na uzito wote unarudi kwenye mifupa ya kukalia. Vikiwa chini mno, miguu inaning'inia na mtu anateleza. Ni vizuri mapaja yalale sawasawa juu ya mto na nyayo zikae imara. Mkumbuke: ukiongeza mto mnene, mtu anapanda juu, na miguu yake inaweza kuacha kufika. Kipande cha ubao kilichofungwa vizuri juu ya kikanyagio kinatosha.

4. Kitambaa cha kikalio. Kitambaa kilicholegea kinakuwa kama kitanda cha kamba kilichochoka: nyonga zinakunjamana na mtu anainama upande. Fundi wa viatu anaweza kukikaza au kushona kingine. Kwa muda, wekeni ubao wa bapa chini ya mto. Ubao peke yake, bila mto, ni hatari.

5. Egemeo. Limshike mgongo bila kumsukuma mbele. Anayeweza kuendesha kiti mwenyewe anahitaji nafasi ya kusogeza mabega.

Angalieni pia misumari, nyaya, na skrubu zilizotokeza. Na wale wanaotumia kinga ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, kama ile ambayo wafanyabiashara wengi wenye ulemavu wa Goma wametumia kuvusha bidhaa mpakani, kanuni ni ile ile. Kikalio cha mbao kinahitaji mto, na safari kwenye mawe ya volkano inagonga mifupa bila kupumzika.

Mto wa kukalia: nusu ya kiti

Kiti bila mto ni kama viatu bila soli. Kila mtu anayeketi humo kwa muda mrefu anahitaji mto, na asiyesikia kwenye makalio anauhitaji zaidi ya wote.

Mto mzuri unaweza kutengenezwa kwa sponji ya godoro. Tafuteni sponji nzito isiyobonyea upesi. Wekeni tabaka mbili: ya chini iwe ngumu, ya juu iwe laini zaidi, na zote pamoja zifike unene wa kama sentimeta 7 hadi 10. Katika tabaka ya chini, kwa nyuma, mahali mifupa miwili ya kukalia inapoangukia, kateni bonde pana lisilo na kingo kali. Kwa njia hiyo uzito unahama kutoka kwenye mifupa na kubebwa na mapaja, ambayo yana nyama nyingi.

Funikeni kwa kitambaa kinachovutika na kisichobana. Kitambaa kilichokazwa sana kinageuza sponji kuwa ubao. Kama mtu anavuja mkojo, vikeni sponji mfuko wa plastiki uliolegea, kisha kitambaa juu yake. Plastiki isiguse ngozi, maana inaleta joto na jasho. Tieni alama ya mbele na nyuma, ili mtoto anayesaidia asiugeuze mto.

Kipimo cha mkono. Hiki ndicho kipimo kinachofundishwa duniani kote, nacho hakihitaji chombo chochote. Mwombe mtu ruhusa. Aketi wima kwenye kiti na mto wake. Ingiza vidole vyako, kiganja kikiangalia juu, kati ya mto na mfupa wa kukalia upande mmoja.

- Kama unaweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini kwa nusu sentimeta au zaidi, mto ni salama.
- Kama huwezi kuchezesha vidole, lakini unaweza kuvitoa bila shida, ni onyo.
- Kama vidole vimebanwa na ni vigumu kuvitoa, mto huo ni hatari. Urekebishwe au ubadilishwe.

Rudia upande wa pili, maana pande mbili zinaweza kutofautiana. Wekundu wenye mkono hodari wa kupima ni familia yenyewe, kwa sababu ndio wanaokuwepo kila siku.

Msitumie pete. Watu wengi hutengeneza duara la nguo au tairi la ndani lenye tundu katikati, wakidhani kidonda kitapumua. Pete hiyo inabana damu pande zote za tundu, na nyama ya katikati inavimba na kukosa damu. Inazidisha kidonda.

Sponji inachoka. Kila mwezi ibonyezeni kwa ngumi: mkikuta ubao, wakati wa kuibadilisha umefika. Mto ukilowa, uosheni, mkamue maji bila kuusokota, na kuukausha kivulini. Jua kali linaharibu sponji.

Kuondoa uzito mchana

Hata mto bora hautoshi. Kila nusu saa, au mapema zaidi kwa mwenye hatari kubwa, uzito uondolewe kwenye mifupa kwa dakika moja au mbili. Sekunde chache hazitoshi kurudisha damu. Kabla ya yote, fungeni breki.

- Kuinama mbele, kifua kikielekea magotini, mikono ikishika miguu au meza. Njia hii ni rahisi na inaondoa uzito mwingi.
- Kuinama upande mmoja, kisha wa pili, mpaka makalio ya upande mwingine yawe mepesi.
- Kujiinua kwa mikono juu ya pande za kiti. Njia hii ni ya wenye nguvu, nayo inachosha mabega, kwa hiyo isiwe ya pekee.

Asiyeweza mwenyewe asaidiwe. Kama hakuna saa, tumieni ratiba ya maisha: kila wimbo redioni unapokwisha, kila mara mama anapochochea moto, kila mara kengele ya shule inapolia. Mtoto wa nyumbani anaweza kuwa mkumbushaji, lakini mzigo wote usimwangukie yeye peke yake.

Mambo mengine madogo yenye uzito mkubwa: asiweke funguo, pesa za chuma au simu katika mfuko wa nyuma, aepuke suruali yenye mishono minene, asiweke sufuria ya moto juu ya mapaja yasiyosikia. Chuma cha kiti kilichoachwa juani kinaweza kumchoma bila yeye kujua. Anapohamishwa, watu wawili wamwinue pamoja, wala wasimburute.

Usiku

Wengi wa wahami hulala chini, juu ya turubai. Pande za Goma, ambapo volkano Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, ardhi yenyewe mahali pengi ni mawe makali. Mtu asiyesikia akilala hapo ataamka na vidonda. Kama kuna godoro moja tu katika familia, tujadiliane bila aibu nani alihitaji zaidi. Pasipokuwa na godoro, tandikeni majani makavu mengi na mablanketi yaliyokunjwa, bila mikunjo mgongoni.

Ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia. Anayeweza kulala kifudifudi bila shida ya kupumua anapata nafuu kubwa, maana mifupa ya kukalia na kifandugu inapumzika. Wekeni nguo iliyokunjwa kati ya magoti, na nyingine chini ya ndama za miguu ili visigino vielee hewani. Familia igawane zamu, ili mtu mmoja asikeshe kila usiku.

Usafi na chakula

Akilowa, asafishwe mara moja kwa maji na sabuni laini, kisha akaushwe kwa kugusa-gusa bila kusugua. Nguo ya pili ya kubadili ni dawa. Maji ni ya lazima. Watu wengi wenye ulemavu hupunguza kunywa kwa sababu choo cha kambi ni mbali au mlango ni mwembamba. Hapo ndipo choo kinapohusika na ngozi: kiti kisipoingia chooni, mtu atabaki amelowa.

Kwa chakula, ngozi inajengwa na maharagi, soya, karanga, mayai, samaki kama sambaza na ndakala, pamoja na sombe, lengalenga na matunda. Wakati mgawo ni mdogo, mtu mwenye kidonda ahesabiwe pamoja na wajawazito na watoto wadogo wakati wa kutafuta nyongeza.

Kidonda kikiwa kimekwisha kutokea

La kwanza, la pili na la tatu: aondoke juu yake. Hakuna dawa itakayoponya kidonda kinachokaliwa. Pili, kioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Tatu, mjulisheni muuguzi wa kituo cha afya mapema. Msiweke majivu, unga wa betri, dawa ya meno, samadi, wala unga wa vidonge vya kapsuli.

Mpelekeni haraka hospitali mkiona usaha, harufu mbaya, nyama nyeusi, mfupa, homa, au mtu kuchanganyikiwa. Na mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni, akipata ghafula kichwa kuuma sana na jasho usoni, mketisheni wima, mtafute kinachombana au kibofu kilichojaa, na kumwita mganga mara moja. Hiyo ni hatari ya maisha.

Wajibu wa viongozi

Viongozi, somo hili linawahusu pia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na mwezi wa tano mwaka 2022 ilipata sheria yake ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mkataba huo, katika kifungu cha 11, unazitaka nchi kuwalinda watu hao wakati wa vita na misiba. Kwa hiyo, kuwaangalia si huruma tu, ni haki.

Ugawaji wa viti huleta ugomvi mara nyingi. Mtu anasema, "Wamempa kwa sababu ni wa kabila lao." Dawa ya maneno hayo ni uwazi. Tengenezeni orodha mbele ya watu, andikeni mahitaji ya kila mmoja, na wekeni watu wenye ulemavu wenyewe, wanaume na wanawake, ndani ya komite. Elezeni kwamba kiti kinafuata vipimo vya mwili, hakifuati kabila wala cheo. Kiti kisichomfaa wa kwanza kinaweza kumfaa wa tano. Mfadhili anapoleta viti, mwulizeni kwa heshima: mito iko wapi? Nani atapima? Nani atatengeneza kikivunjika?

Kwa miaka mingi vituo kama Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu vimejulikana kwa kazi ya kuwahudumia watu wenye ulemavu. Pasipokuwa na kituo karibu, tafuteni katika jamii yenu mshonaji, fundi wa mbao, fundi wa kinga, na muuguzi. Hao wanne wakifanya kazi pamoja, hata kama wanatoka makabila tofauti, wanaweza kutengeneza mito mingi.

Jambo la mwisho ni kukimbia. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipotolewa watu, maelfu ya familia yalifunga mizigo tena kwa haraka. Katika saa kama hiyo mto wa kukalia husahauliwa. Fungeni mto kwa kamba kwenye kiti chenyewe, na mpange mapema nani atasaidia nani. Kiongozi ajue kila hema lenye mtu asiyeweza kutembea.

Amani huanzia wapi?

Mtu akikaa bila kuumia, anaweza kufika mkutanoni, kuuza sabuni sokoni, kufundisha watoto, na kusuluhisha majirani. Akiwa na kidonda, jamii inapoteza sauti yake, na nyumba yake inajaa uchovu na hasira. Tunapojadili amani huku mmoja wetu anaoza ndani ya hema la jirani, maneno yetu ni matupu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili si kazi ya mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kambi au mtaa wetu, ni watu wangapi wanaokaa kutwa nzima? Ni wangapi kati yao wasiosikia kwenye makalio?
2. Katika mfano wa yule baba, nani angeweza kuzuia kidonda, na kwa kufanya nini?
3. Je, choo, bomba la maji na mahali pa mkutano vinafikiwa na kiti cha magurudumu? Ni nini tunaweza kurekebisha bila kungoja mfadhili?
4. Majirani wakilalamika juu ya harufu, kiongozi aseme nini na afanye nini?
5. Nani anamhudumia mtu mwenye ulemavu katika kila familia? Tunawezaje kumpunguzia mzigo, hasa kama ni msichana wa shule?

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kimtembelee mtu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Mwombeni ruhusa, mwangalie vikanyagio, fanyeni kipimo cha mkono, na mwulize yeye mwenyewe anahitaji nini. Sikilizeni kwanza. Kisha mlete taarifa katika mkutano ujao, naye awe amealikwa kuieleza kwa kinywa chake.